Kufunga seva ya ofisi bila kujifungia nje

Seva iko Kigoma, fundi yuko Tabora, na kati yao kuna takriban kilomita 400 za reli. Mstari mmoja ukikosewa, dawa yake ni safari. Kwa hiyo katika Ubuntu Server, mfumo endeshi wa seva hiyo, andaa njia ya kurudi kabla ya kufunga milango yake dhidi ya wavamizi.

Kwanza tazama kilicho wazi: `sudo ss -tulpn`. Mstari wenye 0.0.0.0 au [::] ni huduma inayosikiliza kwenye anwani zote za seva, wenye 127.0.0.1 ni wa ndani tu. Ukiona MariaDB (programu ya hifadhidata) kwenye 0.0.0.0:3306 ilhali programu inayoitumia iko kwenye seva hiyohiyo, weka `bind-address = 127.0.0.1` kwenye faili yake ya mipangilio na uiwashe upya. Kwenye hifadhidata hiyo ndimo zilimo taarifa za wanachama wa ofisi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023. Huduma ambayo hakuna anayeihitaji, izime kwa `systemctl disable --now`.

Sasa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, mahali ambapo wengi hukosea. Kwenye kompyuta yako tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, uwekee nenosiri, upeleke kwa `ssh-copy-id`, kisha ingia nao. Ukikataliwa, kagua ruhusa: folda ya `.ssh` iwe 700, faili ya `authorized_keys` iwe 600. SSH haiuamini ufunguo uliowekwa mahali ambapo watumiaji wengine wanaweza kuandika.

Ufunguo ukikubali, tengeneza `/etc/ssh/sshd_config.d/00-ofisi.conf` yenye mistari miwili, wa kwanza humzuia root (msimamizi mkuu) kuingia moja kwa moja, wa pili hukataa kuingia kwa nenosiri:

`PermitRootLogin no`
`PasswordAuthentication no`

Hizo sifuri mbili zina kazi. SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na faili za folda hiyo husomwa kwa mpangilio wa majina, kabla ya mistari mingine ya `sshd_config`. Seva nyingi za Ubuntu huwa na `50-cloud-init.conf` inayosema `PasswordAuthentication yes`. Ukiandika "no" chini kwenye faili kuu, nenosiri litaendelea kukubaliwa nawe ukidhani umefunga. Ndiyo maana usiliamini faili. Iulize seva yenyewe:

`sudo sshd -t` (kimya maana yake hakuna kosa la maandishi)
`sudo systemctl reload ssh`
`sudo sshd -T | grep -i passwordauth`

Jibu liwe "no". Dirisha uliloingilia liache wazi, fungua la pili ujaribu kuingia upya. La pili likigoma, la kwanza ndilo litakalokuokoa.

Ukuta moto (ufw), unaochuja miunganisho inayoingia, unataka tahadhari ileile. Sakinisha `at`, programu ya kupanga amri za baadaye, kisha utege kengele ya kuuzima baada ya dakika 10:

`echo "/usr/sbin/ufw disable" | sudo at now + 10 minutes`
`sudo ufw default deny incoming`
`sudo ufw allow OpenSSH`
`sudo ufw enable`

Ruhusu pia milango ya huduma zako, kama 443 ya tovuti. Ukiingia salama kwa dirisha jipya, tafuta namba ya kengele kwa `sudo atq` uifute kwa `sudo atrm`. Ukisahau, ukuta utazimika bila wewe kujua. Kama unatumia Docker (programu inayoendesha huduma ndani ya makasha yaliyotengwa), milango iliyofunguliwa kwa `-p` huupita ufw. Andika `-p 127.0.0.1:8080:80` ili mlango usikike ndani ya seva tu.

Masasisho ya usalama iachie `unattended-upgrades`, programu inayoyasakinisha yenyewe. Kila badiliko liandikwe tarehe na sababu kwenye daftari la ofisi, kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye.