Ukikataliwa kuongeza chumba England, tazama tarehe kwanza

Ndugu zangu mliojinyima miaka mkanunua nyumba England (Scotland na Wales wana utaratibu wao), barua ya kukataliwa ikija, weka hasira pembeni. Tazama tarehe iliyochapwa juu. Siku zako za kukata rufaa zinahesabiwa kuanzia hapo, si siku uliyoisoma.

Mimi niliponzwa hapo. Niliomba kuongeza nyumba mita tano kwa nyuma ili Mama akija apate chumba cha chini, maana magoti yake hayawezi ngazi. Halmashauri ikakataa: ukuta ungemzibia jirani mwanga. Barua ikaenda kwa mchoraji wangu wa ramani, kwa kuwa ndiye aliyejaza fomu, naye akakaa nayo wiki tano. Rafiki akanihakikishia nina miezi sita ya kukata rufaa. Miezi sita ipo, ila kwa maombi ya aina nyingine. Mwenye nyumba anayeongeza chumba ana wiki 12. Nilipopeleka yangu, muda ulishapita. Wiki 12! Na kama umeshajenga ukaletewa amri ya kubomoa, muda unaweza kushuka hadi siku 28. Usimwachie mchoraji, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya halmashauri kila wiki.

Mjomba alipiga simu kuniambia nitafute mtu wa ardhi tuyamalize. Mjomba wangu, huku faili liko wazi kwa kila mtu, hata barua ya jirani ya kukupinga unaisoma. Ya jirani yangu niliisoma. Tunasalimiana kila asubuhi, lakini hakuwahi kunigongea mlango, na iliniuma sana. Naona kwao kuandika ndiyo ustaarabu. Kwetu ustaarabu ni kufika mlangoni. Siku hizi nagonga mimi kwanza, kabla ya kupeleka mchoro wowote.

Rufaa haina ada, unaijaza mtandaoni kwa Planning Inspectorate, taasisi ya serikali inayoamua rufaa hizi. Soma ripoti ya afisa wa halmashauri, si barua peke yake, kisha ujibu sababu zake moja moja. Mkaguzi wa rufaa anapima michoro ileile iliyokataliwa. Ukitaka kupunguza ukuta, hilo ni ombi jipya, na zamani la pili ndani ya mwaka lilikuwa bure. Nafuu hiyo ilifutwa Desemba 2023, na Aprili 2025 ada ikapanda kutoka paundi 258 hadi 528.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: nyumba iliyoungana na ya jirani mara nyingi inaruhusiwa kuongezwa hadi mita tatu nyuma, ghorofa moja, bila kuomba kibali, mradi masharti ya kimo yafuatwe na haki hiyo isiwe imeondolewa mtaani kwako. Omba cheti cha kuthibitisha kwamba huhitaji kibali, ada yake ni nusu ya ile ya ombi. Mimi nilijenga hizo tatu. Kitanda cha Mama kimeenea, kabati limebaki ukumbini.