Kujiandaa na Kilimanjaro Marathon ukiwa Dar es Salaam

Mkimbiaji wa Pwani anayejiandikisha kwa kilomita 42 za Moshi huogopa kupanda. Kwa maoni yangu kinachommaliza zaidi ni kushuka, na ndiyo maana somo hili limeupa mteremko nafasi kubwa.

Hatua ya kwanza: ifahamu njia. Mji wa Moshi uko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya mwanzo ya mbio ni tambarare kiasi. Baada ya nusu ya safari, miguu ikiwa imeshachoka, ndipo unapoanza kupanda kuelekea kijiji cha Mweka, penye mita zinazokaribia 1,150. Ukigawanya mita hizo 300 na ushei kwa kilomita 10 hivi za kupanda, unapata wastani wa asilimia 3, ambao si mkali, ila hauna mapumziko.

Hatua ya pili: tafuta mwinuko ulipo. Mwenye mashine ya kukimbilia aiinue kwa asilimia 3 hadi 5, aanze na dakika 10 mara tatu, kisha aongeze taratibu hadi dakika 40 mfululizo. Asiye na mashine atumie ngazi: ghorofa moja ina mita 3 hivi, kwa hiyo kupanda ghorofa 10 mara kumi kunakupa mita 300, karibu sawa na Mweka yenyewe. (Mwombe mlinzi ruhusa mapema, maana ukipita mbele yake mara ya nne atataka kujua unamfuata nani huko juu.) Daraja la Tanzanite linapendwa, lakini mwinuko wake ni mfupi mno, ni afadhali Jumapili moja moja uende kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Kwa kuwa mbio hizi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mazoezi yako yataangukia msimu wa upepo wa kaskazi, na kukimbia ukiikabili kaskazi kunafundisha mwili kusukuma bila kukata tamaa.

Hatua ya tatu: imarisha misuli ya kushukia. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na kazi hiyo huiumiza kuliko kupanda, hata kama pumzi iko tele. Simama juu ya kidato cha ngazi kwa mguu mmoja, teremsha mguu wa pili ukihesabu polepole hadi nne, mpaka kisigino kiguse chini kidogo tu, halafu rudi juu. Fanya mara nane kila mguu, seti tatu, siku mbili kwa wiki. Mara ya kwanza mapaja yatauma siku mbili tatu. Baadaye mwili huzoea na maumivu hupungua sana, ndiyo sababu zoezi hili lianze miezi miwili kabla, na zoezi zito la mwisho liwe wiki mbili kabla ya mbio.

Maswali ya wanachama

Shikamoo Mwalimu. Niko Unguja, hakuna maghorofa jirani. Mchanga wa ufukweni unatosha?

Marahaba. Mchanga laini hujenga vigimbi lakini hauwezi kukufundisha kushuka, na ukizidisha huumiza kano ya kisigino. Dakika 20 kwa wiki zinatosha. Zoezi la kidato linahitaji kidato kimoja tu.

Mwalimu, goti linanichoma ninaposhuka. Niendelee?

Hapana. Maumivu ya paja ni ya kawaida, ya ndani ya goti siyo. Tumia kidato kifupi zaidi, na ukiona uvimbe muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Je, niwahi Moshi wiki nzima ili nizoee hewa?

Si lazima, kwa sababu kimo hicho si kikubwa. Fika Ijumaa, na Jumamosi panda gari hadi Mweka uitazame barabara, lakini usiijaribu kwa miguu.