MEWAKA ya sanaa: anzeni na ngoma, projekta baadaye

Walimu wenzangu wa Mtwara na Lindi, mkipanga kipindi cha MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, chenye sanaa, msianze na nadharia. Mwiteni mpiga ngoma wa hapo hapo kijijini, mpeni nusu saa ya kwanza.

Mimi huitumia ngoma kufundishia sehemu za hisabati, kama robo na robo tatu. Tunakaa duara, tunagonga dawati mapigo manne: ti, ti, ti, ti. Tukirudia, pigo la nne tunalinyamazia. Kilichosikika ni robo tatu, na ule ukimya ni robo. Mwalimu aliyekaa nyuma amekunja mikono anaanza kuhesabu kwa mguu, na hapo anaelewa mtoto wa darasa la nne anahitaji nini: kuisikia sehemu kabla ya kuiandika. Msipaharakishe hapa. Pigeni manane, mnyamazie mawili, mtasikia kuwa mbili kwa nane ni robo ile ile.

Mchonga vinyago naye anafaa sana, ila walimu nao washike kitu mikononi. Mpingo ni mgumu mno kwa saa mbili za kujifunza. Udongo wa mfinyanzi unatosha. Na mlipeni, tafadhali, hiyo ni taaluma yake.

Mtu asiondoke bila andalio la somo la wiki ijayo lenye alichofanya siku hiyo. Tarehe nayo isiangukie Oktoba au Novemba, msimu wa korosho, maana wengi wetu tuna mashamba.