Amemaliza Hajime no Ippo: namna ya kumchagulia anime inayofuata

Shabiki wa Hajime no Ippo, anime (katuni ya Kijapani) ya bondia kijana aitwaye Ippo, akimaliza epizodi ya mwisho huuliza atazame nini sasa, na wengi humjibu kwa kumwagia kila jina lenye glavu ndani yake. Wiki mbili baadaye hajamaliza hata moja. Anime za ndondi ni chache, na hizo chache hazifanani: moja ni kichekesho cha bondia mlafi, nyingine ni msiba unaojengwa taratibu kwa makumi ya epizodi. Aliyempenda Ippo kwa utani wa Aoki na Kimura, mabondia wenzake wa gym, hana haja na kitu kilekile anachotafuta aliyelia kwa ajili ya bondia mkongwe Date Eiji. Kwa hiyo usichague kwa mchezo. Chagua kwa kile kilichomshika.

Kwanza, hakikisha Ippo yenyewe imeisha

Wanaosema wamemaliza mara nyingi wameona epizodi za mwanzo tu, zile 75 zilizorushwa Japani kati ya 2000 na 2002. Baada ya hizo kuna filamu ya televisheni Champion Road (2003), kisha Mashiba vs. Kimura (2003), kisha New Challenger (2009, epizodi 26), na mwisho Rising (2013 hadi 2014, epizodi 25). Hizo mbili za 2003 ndizo zinazorukwa, kwa sababu huorodheshwa peke yake, mbali na misimu. Champion Road ni utetezi wa kwanza wa mkanda wa Ippo. Mashiba vs. Kimura ni pambano ambalo mfululizo wa kwanza haukulionyesha, na kwa maoni yetu ni miongoni mwa saa bora za anime hii yote. Kama hajaziona, umeshapata pendekezo lako bila kutoka nyumbani.

Mwambie pia kwamba anime haifiki mwisho wa hadithi. Manga (kitabu cha katuni) ya George Morikawa, ambayo ndiyo asili yake, ilianza 1989 na imepita majalada 130. Asiyependa kusoma ajue mapema, asije akadhani kuna msimu umefichwa mahali.

Kisha uliza swali moja

Usimuulize "unapenda aina gani?" Atakujibu "za ngumi," na utakuwa hujapata kitu. Muulize: ni pambano gani umelirudia kulitazama?

Akitaja Date Eiji, iwe dhidi ya Ippo au dhidi ya bingwa wa dunia Ricardo Martinez, anapenda mtu anayepanda ulingoni akijua gharama yake. Mpe Ashita no Joe au Megalo Box. Akitaja Sendo au Vorg, anachopenda ni mpinzani mwenye maisha yake mwenyewe, mpinzani unayeshindwa kumchukia. Akitaja Takamura, mwenzake Ippo wa gym, dhidi ya Bryan Hawk, anataka nguvu, hasira na ukumbi unaolipuka. Asipotaja pambano lolote, akaanza kusimulia kijana anayeonewa shuleni, mazoezi ya kudaka majani yanayoanguka mtini na maisha ya pale gym ya kocha Kamogawa, basi ndondi kwake ni mlango tu. Huyo unaweza kumtoa ulingoni kabisa bila kumpoteza.

Wapo pia wanaotaja pigo badala ya mtu. Hao ni wapenzi wa ufundi, na kwao pendekezo zuri si lazima liwe anime. Dempsey Roll ya Ippo imetokana na Jack Dempsey, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926. Jebu ya Mashiba, mpinzani wa Ippo, inayotoka chini, mkono wa kushoto ukiwa umening'inia kiunoni, ni ya Thomas Hearns. Mwonyeshe pambano la Hearns na Sugar Ray Leonard la Septemba 1981, lililosimamishwa raundi ya 14, aone jinsi mkono mrefu unavyomweka mtu mbali raundi baada ya raundi, na mahali unaposhindwa.

Ashita no Joe: kubwa kuliko zote, na rahisi kuharibu

Hii ndiyo inayotajwa kwanza na kuachwa kwanza. Manga yake ilitoka kati ya 1968 na 1973, imeandikwa na Asao Takamori na kuchorwa na Tetsuya Chiba. Joe Yabuki ni kijana asiye na kwao anayeingia mtaa wa vibarua maskini jijini Tokyo, anaokotwa na Tange Danpei, bondia wa zamani mlevi mwenye jicho moja, na ngumi anajifunzia gerezani, kwa barua. Kuna uhusiano wa damu na Ippo ambao mashabiki wengi hawaujui: mfululizo wa 1970 ulitengenezwa na studio ya Mushi Production chini ya mwongozaji Osamu Dezaki, na watu waliotoka Mushi, Dezaki akiwamo, ndio walioanzisha Madhouse mwaka 1972. Madhouse ndiyo iliyotengeneza Ippo.

Kosa linalorudiwa ni kumpa mtu mfululizo wa 1970 wote kwa mkupuo. Una epizodi 79, yaani karibu saa 30, michoro ni ya miaka zaidi ya hamsini iliyopita, na Joe wa mwanzoni ni mhuni hasa: anadanganya, anaiba, anawapiga wanaomsaidia. Mtu aliyetoka kwa Ippo, kijana anayeinamisha kichwa na kuomba radhi hata asipokosa, hupata mshtuko. Atasema "huyu simpendi" katika epizodi ya tatu, na kwa kweli bado hajatakiwa kumpenda.

Njia mbili zinafanya kazi. Mwenye subira mpe mfululizo wa kwanza, lakini mwambie mapema kwamba sehemu ya gereza la vijana ndiyo msingi, maana ndiko Joe anakokutana na Toru Rikiishi. Asiikatie tamaa kabla ya wawili hao kupigana kule ndani. Asiye na subira mpe filamu ya 1980, iliyounganishwa kutoka vipande vya mfululizo huohuo, ya takriban saa mbili na nusu. Inaishia kwenye pambano la Joe na Rikiishi. Kutoka hapo aende moja kwa moja kwenye Ashita no Joe 2 (1980 hadi 1981, epizodi 47), ambayo inaanza baada ya pambano hilo na kwenda hadi mwisho wa hadithi. Mfululizo wa kwanza ulikamilika 1971, kabla ya manga, kwa hiyo mwisho halisi uko kwenye ya pili tu. Aliyetazama zote mbili kamili atamwona Carlos Rivera mara mbili; si kosa, ya pili inamsimulia upya, na kwa uzuri zaidi.

Mwandae kwa jambo moja la picha. Wakati mzito ukifika, Dezaki husimamisha mwendo na fremu inaganda kuwa mchoro wa rangi nzito. Asiyejua hudhani video imekwama.

Na usimwambie lolote kuhusu Rikiishi. Wala kuhusu picha ya mwisho kabisa. Ni siri zilizomwagwa mtandaoni kupita kiasi, kwa hiyo mshauri asitafute jina la Joe kwenye picha za Google kabla hajamaliza. Anapoitafuta anime yenyewe aangalie mwaka: kuna filamu ya 2011 yenye jina hilohilo, na ile ni ya waigizaji.

Megalo Box: mlango mwepesi

Studio ya TMS iliitoa 2018 kuadhimisha miaka 50 ya Ashita no Joe. Epizodi 13, saa tano na ushee, jioni mbili zinatosha. Mabondia wanavaa vifaa vya chuma mikononi viitwavyo gia. Mhusika anayeanza kama Junk Dog, anayelipwa kupoteza mapambano kwa makusudi, anajipa jina la Joe na kuanza kupanda kuelekea mashindano ya Megalonia.

Shabiki wa Ippo atakuuliza hapo mwanzoni: ufundi uko wapi ikiwa ni mashine? Mjibu kwamba avumilie epizodi nne. Joe anaamua kupanda ulingoni bila gia, na kuanzia hapo mambo yanarudi kwenye miguu, kukwepa na kaunta, yaani pigo la kujibu pigo. Hata hivyo usimdanganye: mazoezi yanaonyeshwa kidogo, na hutapata yale maelezo ya Kamogawa ya kwa nini pigo fulani linaingia. Picha zenye ukungu na mikwaruzo zimefanywa hivyo kwa makusudi ili zifanane na anime za zamani, kwa hiyo asihangaike kutafuta nakala safi zaidi.

Msimu wa pili, Nomad (2021, epizodi 13), uko miaka saba mbele. Joe ameporomoka, anameza dawa za maumivu na kupigana vichochoroni. Ni bora kuliko wa kwanza, lakini ni mzito, na anayetaka kusisimka na ushindi usimwekee zote mbili kwa wakati mmoja. Mwache apumzike. Aliyekutajia Date Eiji ndiye hasa Nomad imemngoja.

Nyingine zenye ulingo

One Pound Gospel ni kazi ya Rumiko Takahashi; anime yake ya 1988 haizidi saa moja. Bondia Kosaku Hatanaka anapiga vizuri ila hawezi kufunga mdomo mbele ya chakula, na kila mara uzito unamponza. Mpe aliyecheka na Aoki. Levius (2019, epizodi 12) ina ngumi za mikono ya mvuke, lakini michoro yake ya kompyuta huwagawa watu, basi iwe chaguo la mwisho.

Rainbow: Nisha Rokubou no Shichinin (2010, epizodi 26) ni ya Madhouse pia. Vijana saba wako gereza la watoto Japani mwaka 1955, na mkubwa wao, Sakuragi, anawafundisha ngumi. Inafaa kwa aliyependa sehemu ya gereza katika Joe. Hapa onyo ni la lazima, si adabu tu: kuna unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto, na huanza mapema. Sema wazi kabla hajaanza. Usimwekee mtu aliye na wadogo zake sebuleni.

Mtego mkubwa uko kwenye Baki na Kengan Ashura. Kwa juu zinaonekana jamaa wa karibu, maana watu wanapigana hadi waanguke. Lakini Ippo ina mizani, raundi, mwamuzi, na mbavu iliyovunjika inabaki imevunjika hadi pambano linalofuata. Baki haijali hayo. Mpe yule wa Takamura na Hawk pekee, tena kama burudani ya pembeni.

Kutoka nje ya ulingo

Kwa aliyependa mfupi anayelazimika kumsogelea mrefu, hakuna iliyo karibu kuliko Hinomaru Sumo (2018, epizodi 24). Ushio Hinomaru hafikii sentimita 167 zilizokuwa zikitakiwa kuingia sumo ya kulipwa, kwa hiyo inambidi avunje mlango kwa ubingwa wa shule za sekondari. Michoro ni ya wastani. Nguvu yake ni mapambano yanayoisha kwa sekunde chache lakini yanaelezwa hatua kwa hatua.

Kijana anayeonewa akafundishwa hadi akasimama? Kenichi (2006, epizodi 50) inafuata njia hiyohiyo, mazoezi ya mateso na vicheko tele, ila picha za kuonyesha miili ya wasichana ni nyingi. Vicheko vikiwa ndivyo vilivyomleta, mpe Slam Dunk, ya mpira wa kikapu (1993 hadi 1996, epizodi 101). Inakatika kabla ya mashindano ya taifa. Mechi dhidi ya shule ya Sannoh iko kwenye filamu The First Slam Dunk ya 2022.

Kwa wapenzi wa wapinzani, Ping Pong the Animation (2014) ina epizodi 11 tu na inamzidi hata Ippo katika kumfanya mshindwa awe mtu kamili. Mistari yake iliyopindapinda hufukuza watu dakika ya tano. Mwombe afike mwisho wa epizodi ya pili, kisha aamue.

Na Run with the Wind (2018, epizodi 23) ni kwa anayependa kumwona asiye na kipaji akijijenga kwa jasho. Wanafunzi kumi wa bweni moja bovu wanajiandaa kwa Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za siku mbili zenye vipande kumi. Mmoja wao ni Musa, Mtanzania anayesoma Japani, na watu wanamdhania mkimbiaji kwa sababu tu ametoka Afrika. Yeye hajawahi kukimbia mashindano maishani. Dhana hiyo ina chanzo: mwaka 1989 Mkenya Joseph Otwori alikimbia Hakone kwa timu ya Yamanashi Gakuin, na wengine kutoka Kenya wakamfuata. Kwa mtazamaji wa kwetu, sehemu za Musa zina ladha ambayo Mjapani huenda asiipate.

Unavyoikabidhi

Toa jina moja. Ukitoa matano, atafungua lenye picha nzuri zaidi, si linalomfaa. Mpe na urefu wake kwa saa, idadi ya epizodi za kupimia, na onyo kama lipo, hasa kama anatumia bando na kila epizodi inamgharimu. Usiseme "inafanana na Ippo." Atahesabu tofauti tangu dakika ya kwanza. Sema ni kipi hasa kitamrudia: "kuna mpinzani utakayemwonea huruma kuliko Vorg."

Akirudi akisema imemshinda, muulize aliachia epizodi ya ngapi. Kama ni ya kwanza au ya pili, tatizo huwa ni michoro au kasi. Mpe nyingine ya aina ileile lakini mpya zaidi, mfano Megalo Box badala ya Joe. Kama ameachia katikati, ulikosea jibu la lile swali la pambano. Rudi ukamuulize upya, na safari hii muulize alikuwa anamshangilia nani.