Somo: Kuchagua rauta mpya kwa nyumba za Lamu na Malindi

Aliyeko Mombasa rauta (kisanduku cha Wi-Fi) ikimfia hutoka, hununua nyingine, na ikimsumbua huirudisha jioni ile ile. Sisi wa Amu, yaani Lamu, kisanduku kile hupanda basi hadi Mokowe, kisha boti, na kukirudisha ni nauli nyingine na siku nyingine za kukaa bila mtandao, huku watoto wana kazi za shule na mwenye vyumba vya wageni hawezi kuwajibu wateja. Kwa hiyo somo hili ni la kununua mara moja.

Rai yangu naisema mapema. Kwa nyumba zetu, rauta ya kuaminika si ile yenye antena nyingi wala namba kubwa kwenye kasha. Ni ile inayopata stima safi, ambayo kampuni iliyoiunda bado inaitolea masasisho ya programu yake, na inayosaidiwa na kebo pale ambapo mawimbi hayapiti.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni rauta

Kwanza taa. Kwenye kisanduku cha faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki: waya umekatika, umechomoka au umekunjwa mno. Hapo rauta mpya haina la kufanya, mpigie simu mtoa huduma.

Taa zikiwa sawa, unganisha laptop kwa kebo na upime kasi, kisha upime kwa Wi-Fi ukiwa chumba hicho hicho. Kebo ikiwa nzuri na Wi-Fi mbovu, tatizo ni rauta. Zote mbili zikiwa mbovu, huenda tatizo liko mbali kabisa na nyumba yako. Mwezi Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, mtandao ukawa wa kujikokota Afrika Mashariki nzima. Wakati kama ule usinunue kitu, subiri.

Halafu adapta ya stima. Huyu ndiye mshukiwa wangu mkuu siku zote, kwa sababu adapta huchoka kabla ya rauta yenyewe. Dalili yake: taa zinawaka vizuri, lakini rauta inajizima na kujiwasha watu wakiwa wengi, au ikishapata joto. Azima adapta nyingine ujaribu. Volti lazima ziwe zile zile zilizoandikwa chini ya rauta, ampea ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi ulingane. Ikipona, umeokoa pesa ya rauta nzima.

Hatua ya 2: Jua unachobadilisha

Wengi wetu tuna visanduku viwili: kimoja kinapokea faiba, kingine kinarusha Wi-Fi. Kile cha faiba ni cha mtoa huduma na kimesajiliwa kwake. Kiache mahali pake, badilisha cha pili tu. Ukiwa na kimoja kinachofanya kazi zote mbili, nunua rauta ya kawaida uiunganishe nacho kwa kebo, kutoka tundu la LAN la kisanduku hadi tundu la WAN la rauta mpya, kisha uzime Wi-Fi ya kile cha zamani.

Kabla hujaitupa rauta ya zamani, muulize mtoa huduma kama laini yako inatumia PPPoE, yaani rauta huingia mtandaoni kwa jina na nywila. Ikiwa ndivyo, pata jina na nywila yake kwanza, uandike mahali. Bila hizo rauta mpya itawaka taa zote na hutapata intaneti.

Hatua ya 3: Zihesabu kuta zako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, nami nitakaa kidogo.

Nyumba za mtaa wa Mkomani na mji wa kale kwa jumla zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene karibu nusu mita, na mawe yale hunyonya unyevu. Maji ni adui wa mawimbi ya Wi-Fi. Ukuta mmoja wa namna hiyo hula sehemu kubwa ya mawimbi ya gigahezi 2.4, na yale ya gigahezi 5 huyamaliza kabisa au karibu. Ukiweka rauta ndani kabisa, usitarajie kupata kitu kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni.

Muuzaji atakwambia chukua yenye antena nane. Usimfuate. Nguvu ya kurusha huwekewa kikomo na sheria, si idadi ya antena. Tena mazungumzo ni ya pande mbili: hata rauta ikipaza sauti vipi, simu yako yenye antena ndogo ndani yake lazima iweze kujibu. Ndiyo sababu unaona vijiti vya mtandao vimejaa lakini ukurasa haufunguki. Simu inaisikia rauta, rauta haiisikii simu.

Dawa ni kebo. Nunua rauta mbili za kadiri badala ya moja ya bei kubwa. Ya kwanza ikae ilipo faiba, ya pili iwekwe upande wa pili wa nyumba au ghorofa ya juu, kati yake ipite kebo ya mtandao ya Cat5e. Ya pili iwekwe katika hali ya AP, yaani irushe Wi-Fi tu, kazi nyingine zote iiachie ya kwanza. Jina la mtandao na nywila viwe vile vile kwa zote mbili, simu itahama yenyewe ukipanda ngazi. Cat5e hufika mita 100, na sijaona nyumba ya Amu inayozidi hapo.

Kebo iwe ya shaba tupu. Ziko za bei nafuu ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Hewa yetu ya chumvi huzila mapema kwenye ncha. Ipitishe kando ya boriti, kwenye ngazi, au juu ya kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani. Tafadhali usitoboe ukuta wa kale kwa ajili ya waya. Mji huu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukuta wa chokaa ukishapasuka hauzibiki vizuri kwa simenti.

Tena usiiweke rauta ndani ya kidaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea mapambo. Najua inapendeza pale, lakini umeizungushia mawe pande zote isipokuwa mbele. Iweke juu, mahali wazi, ikikabili mlango unaofungukia kiwandani. Mawimbi hupita uwazi ule na kuingia vyumba vingine kwa milango.

Walio na nyumba za matofali ya simenti, Malindi au mitaa mipya, kuta zenu ni nyepesi zaidi. Rauta moja nzuri katikati ya nyumba mara nyingi inatosha.

Hatua ya 4: Stima, joto na chumvi

Rauta nyingi hapa haziuawi na uzee, zinauawa na stima inayopotea na kurudi kwa kishindo. Weka kile kifaa cha kukingia friji na televisheni, ambacho hukata volteji ikizidi na hungoja kidogo kabla ya kurudisha umeme. Zaidi ya hapo nunua betri ndogo ya rauta. Soma chini ya rauta: zikiwa volti 12, betri nayo itoe volti 12, na ampea zisipungue zilizoandikwa.

Hesabu yake ni rahisi. Betri iliyoandikwa 10,000 mAh huhifadhi kama wati-saa 37, kwa sababu seli zake ni za volti 3.7. Rauta inayokula wati 6 itaishi humo kama saa tano, ukitoa kinachopotea njiani. Kumbuka kisanduku cha faiba nacho kinahitaji stima. Betri yenye matundu mawili ndiyo ya kununua. Wengi huilisha rauta wakasahau kile kingine, stima ikipotea Wi-Fi inaonekana na intaneti hakuna.

Rauta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Ukiiweka chini ya mabati, mchana wa kaskazi utapita hapo. Usiifunike kitambaa, hata ukiwa na nia ya kuikinga vumbi. Iepushe na dirisha linalokabili bahari, na matundu usiyoyatumia yazibe kwa vizibo vya plastiki, kwani shaba ya ndani hushika kutu ya kijani. Angalia pia sisimizi. Wanapenda joto la ndani na hujenga humo. Radi ikinguruma wakati wa masika, chomoa.

Hatua ya 5: Kusoma kasha

AC1200 maana yake ni jumla ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 300 za gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5, zikakadiriwa juu. AX3000 ni 574 na 2402. Hakuna kifaa kimoja kinachopata jumla hiyo, na kama kifurushi chako ni Mbps 10, utapata 10. Filamu ya HD hutaka kama Mbps 5.

Angalia haya tu: masafa yote mawili yawepo, matundu ya kebo yawe ya gigabiti, kwa sababu ya Mbps 100 yatakubana siku ukiongeza kifurushi, na kuwe na WPA3, ulinzi mpya wa Wi-Fi. Kizazi cha Wi-Fi 5 kinatosha kwa familia. Lakini tofauti ya bei ikiwa ndogo chukua Wi-Fi 6, iliyoanza kuidhinishwa 2019, kwa kuwa aina mpya ndizo zitakazoendelea kupata masasisho.

Hatua ya 6: Masasisho

Ingia tovuti ya kampuni iliyounda rauta, tafuta namba kamili ya modeli pamoja na toleo lake, uone programu yake ya mwisho ilitolewa lini. Ikiwa ni miaka mitatu iliyopita, iache hata ikiwa bei ya kutupa. Hili si la kupuuza. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na rauta kwa kutumia tu nywila zilizowekwa na watengenezaji. Mwaka 2018 nyingine, VPNFilter, iliingia vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa rauta za majumbani na ofisi ndogo. Ukishaiwasha, badilisha nywila ya msimamizi, zima WPS (njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN), na washa masasisho ya kujiendesha.

Dukani, dai risiti yenye namba ya kifaa na makubaliano ya kubadilishiwa. Iwashwe mbele yako, au mbele ya mtu unayemwamini aliyeko Mombasa, kabla haijafungwa kwenye mzigo.

Maswali ya wanachama

*Fundi, salaam. Nina ekstenda ya kuchomeka ukutani, nimeiweka chumba cha ndani lakini mtandao ni pole pole. Niko Langoni.*

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Ekstenda hurudia inachosikia. Chumba cha ndani haisikii vizuri, basi hurudia ubovu ule ule, na nyingi hugawanya kasi nusu kwa kuwa zinapokea na kurusha kwa masafa yale yale. Isogeze nusu ya njia, mlangoni mwa kiwanda, ujaribu. Kama ina tundu la kebo, ivutie kebo uiweke hali ya AP, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

*Mwanangu, adapta ya king'amuzi inaingia kwenye rauta yangu. Niitumie?*

Shikamoo mama. Kuingia si dalili ya kufaa. Nipigie picha maandishi ya adapta na ya chini ya rauta, nitumie, nikuangalilie. Kabla ya hapo usiichomeke.

*Niko Malindi, ghorofa ya tatu. Mchana safi, usiku baada ya isha Wi-Fi inakwama. Mtoa huduma anasema laini haina tatizo.*

Huenda anasema kweli. Jioni majirani wote wako nyumbani na rauta zao zinagombania gigahezi 2.4. Chaneli zisizoingiliana huko ni 1, 6 na 11 tu. Pakua programu ya kuonyesha Wi-Fi zilizo karibu, uchague kati ya hizo tatu iliyo na watu wachache. Simu na televisheni zihamishie gigahezi 5. Kuta za nyumba yako zitairuhusu, na rauta za majirani hazitakufikia sana. Huenda huhitaji rauta mpya.

*Kaka yangu yuko Ghuba, atanirudia na rauta ya laini ya 4G ya huko. Nimwambie alete? Matondoni faiba haijanifikia.*

Plagi itaingia na volteji itafaa, hayo yasikutie wasiwasi. Muulize mambo mawili. Je, imefungiwa mtandao wa huko? Zinazotolewa na kampuni za simu mara nyingi zimefungwa, na laini ya Kenya itakataliwa. Aitie laini ya kampuni nyingine akiwa huko huko aone kama inashika. Pili, atazame kama ina bendi ya 3 na ya 20, yaani megahezi 1800 na 800, ambazo 4G ya Kenya hutumia. Ile ya 800 ndiyo husafiri mbali zaidi. Ikiwa na matundu ya antena ya nje itakuwa bora, uiinue antena juu ya dari kuelekea mnara.

*Nina vyumba sita vya wageni Shela, wakati mwingine simu ishirini kwa pamoja. Wi-Fi 5 itatosha?*

Kwako dada yangu nasema Wi-Fi 6, kwa sababu ndiyo iliyoundwa kuhudumia vifaa vingi kwa zamu fupi fupi. Weka moja kila ghorofa, kwa kebo. Washa mtandao wa wageni uliotengwa na ule wa ofisi yako, ili simu ya mgeni isiweze kuifikia kompyuta yenye hesabu zako. Nywila ya wageni ibadilishe mara kwa mara. Kama rauta ina kipengele cha kugawa kasi, mpe kila mgeni kiasi, la sivyo mmoja anayepakua filamu atawaacha wengine wote wakikulalamikia wewe.