Ukipigiwa simu juu ya deni la mtu mwingine: namna ya kuwashika watu wa apu za mikopo

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi hivi, niko kwa foleni ya feri Likoni nimebanana na watu, simu ikaita namba nisoijua. Dada mmoja sauti tamu kweli, ananiuliza kama namjua fulani, nikamwambia ndio ni binamu yangu, basi sauti ikageuka hapo hapo, mwambie alipe elfu nne mia tatu kabla ya saa sita la sivyo mtatujua. Nikakata nikidhani ni hawa matapeli wa kila siku. Kufika ng'ambo nina misd koli nne na meseji mbili, moja ina jina kamili la binamu, namba yake ya kitambulisho na neno MWIZI kwa herufi kubwa. Jioni mama mkubwa akapiga kutoka Ukunda karibu alie, mwanangu huyu kijana ameiba nini?

Kumbe binamu alikuwa amekopa kwa apu ya simu na hao ndio wadai wake. Siku hiyo nzima nilishinda nawatukana hao watu, wao wananitukana mimi, na nikimaliza namba moja wanapiga na ingine. Usifanye hivyo. Nlikuja kujua baadaye kwamba matusi yangu yalikuwa yanawapa tu kitu cha kuonyesha wakiulizwa, ati sisi ndio tulitukanwa. Sasa wacha nieleze njia inayofanya kazi, hapa Kenya lakini, kwingine sheria ni zao.

Jambo la kwanza ujue kesi ni ya nani. Karibu kila mtu anadhani mwenye haki ya kulalamika ni yule alokopa, na yule alokopa anaona aibu, anazima simu, mambo yanaishia hapo. Kumbe wewe ulopigiwa ndio una kesi nzito kuliko yeye. Yeye alibonyeza "nakubali" mahali fulani na kampuni itatoa hiyo karatasi mbio sana. Wewe ulibonyeza nini? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka habari za mtu zichukuliwe kutoka kwake mwenyewe, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, halafu kifungu cha 32 kinasema wakidai ulikubali basi kazi ya kuthibitisha hiyo ridhaa ni yao, sio yako. Hii ndio silaha yako na watu hawaijui. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliipiga kampuni ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa jambo hilihili, kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine kutuma vitisho. Kabla yake, Aprili mwaka huohuo, Whitepath walilimwa milioni 5. Na sio mikopo pekee, pamoja na Mulla Pride kulikuwa na klabu ilotozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto.

Ukishajua hilo kusanya ushahidi, na ukusanye kabla hujablok mtu. Skrinshoti za meseji ziwe zinaonyesha namba ilotuma, tarehe na saa, sio ukate kipande cha maneno tu kwa sababu ndicho kilichokuuma. Fungua orodha ya simu zilizoingia upige picha hiyo pia, manake simu kumi na moja kwa siku moja ni ushahidi hata kama huna sauti ya mtu. Kama wameandika kwa WhatsApp chukua na ile picha yao ya wasifu. Kisha kaa chini uandike kwa maneno yako nani alipiga, saa ngapi, alisema nini, uandike siku hiyohiyo, ukingoja wiki mbili utachanganya siku na mtu akiuliza utababaika.

Halafu mtafute binamu, na hapa uwe mpole, unamhitaji. Mwambie asifute hiyo apu kwanza. Watu wakiaibishwa kitu cha kwanza ni kufuta, na ukifuta umefuta na ushahidi. Aende kwa setingi za simu, kwenye apu, aangalie ruhusa ilizopewa, kama kuna ya kusoma namba za watu, apige skrinshoti. Zamani hivi ndivyo walivyokuwa wanabeba simu nzima, unakopa mia tano wanaondoka na namba za shangazi, bosi, imamu, fundi wa friji, kila mtu. Google wakaja wakakataza apu za mikopo zilizo Play Store kugusa namba na picha za watu kuanzia 31 Mei 2023. Mimi binafsi huwa najiuliza sana hapo, mistari michache ya masharti ya kampuni ya Marekani ilibana kitu ambacho sisi tulikuwa tumekipigia kelele miaka na miaka. Lakini usijidanganye kwamba imeisha. Kuna namba walizochukua zamani, kuna apu zinazoshushwa kwa linki nje ya Play Store, na kuna hii ya kumwambia mtu aandike namba mbili tatu za ndugu ndio apewe mkopo. Binamu yangu ilikuwa hii ya mwisho. Aliniandika mimi na mama mkubwa bila kutuambia.

Sasa kazi ngumu yenyewe, ambayo watu wengi hukwama, ni kumjua unayemshtaki. Jina la apu sio jina la kampuni. Instarcash na Zuricash zote zilikuwa za Whitepath, KeCredit na Faircash ni za Mulla Pride, ukiandika jina la apu peke yake unaanza vibaya. Njia rahisi ni kuangalia ile meseji ya M-Pesa aliyopokea mkopaji siku ya kukopa, mara nyingi jina lililotuma hela liko pale. Ukikosa angalia ukurasa wa apu kwa Play Store pale chini kwa jina la mtengenezaji. Kisha fungua tovuti ya Benki Kuu, wana orodha ya wakopeshaji wenye leseni, linganisha. Wamo au hawamo, yote mawili yanakusaidia. Kama hawamo wanafanya biashara bila leseni, na hilo ni shtaka lingine la kupeleka Benki Kuu. Kama wamo, kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza waziwazi kutisha, kutukana, kumwanika mdaiwa hadharani na kuwapigia watu walio kwenye simu yake bila idhini, na leseni ni kitu wanachokiogopa kukipoteza kuliko faini.

Kabla ya kwenda kwa Kamishna waandikie wao kwanza, kwa imeili, mistari sita inatosha. Waulize wana habari gani zako, walizitoa wapi, kwa sababu gani, na uwaambie unapinga na unataka zifutwe. Usitukane. Wana muda wa kujibu uliowekwa na kanuni, siku saba kwa kukuonyesha habari zako na kumi na nne kwa kufuta. Wakinyamaza, huko kunyamaza unakipiga skrinshoti pia. Mimi walinijibu siku ya tatu, ati namba yangu ilikuwa ya "mdhamini". Nikawauliza nilisaini wapi. Swali hilo hawajalijibu mpaka leo.

Malalamiko yenyewe unapeleka kwa Ofisi ya Kamishna, tovuti ni odpc.go.ke kuna fomu ya kujaza, au imeili, au ukiwa Nairobi ofisi iko Britam Tower kule Upper Hill. Hakuna malipo, mtu akikuambia kuna ada ya kufungua faili mkimbie. Kwa fomu usilete hadithi ndefu kama nlivyoanza mimi hapa, weka tarehe, namba, jina la kampuni, ulichofanyiwa, ulichowaandikia, na ubandike ushahidi wote.

Na hapa kuna kosa langu ambalo sitaki ulirudie. Pale unapoulizwa unataka nini, mimi niliandika nataka waache kunisumbua. Basi wakaacha, wakaandika barua ya samahani, kwisha. Faini anayotozwa mtu hapo haiji kwako, ni ya serikali. Fidia ni kitu kingine, iko kifungu cha 65, na inahesabu hasara ya pesa na hata usumbufu wa roho, lakini usipoidai nani atakudaia? Sema unataka fidia, ueleze uliathirika vipi, kama bosi alipigiwa sema, kama mzazi alipandisha presha peleka karatasi ya hospitali. Ofisi ya Kamishna inaweza pia kuwaita wewe na kampuni mkae mpatane, sio vibaya, ila usikubali kupatana kabla hujajua unachodai.

Kamishna ana siku 90 kumaliza malalamiko. Hizi siku 90 watu wanazisoma kama ahadi nzuri tu, lakini zina upande wa pili ambao umetoka mahakamani. Mahakama Kuu imewahi kuutupa uamuzi kwa sababu ulitoka baada ya siku 90 kupita, jaji akasema muda ukiisha mamlaka nayo yameisha. Yaani unaweza kushinda kisha ukapoteza ushindi kwa ajili ya kalenda. Kwa hiyo peleka kila kitu siku ya kwanza, usipeleke ushahidi vipande vipande ukiulizwa ndio unatafuta, jibu imeili zao siku hiyohiyo, na siku ya sitini hivi uwakumbushe kwa heshima.

Wengine wataniambia mbona usiende kortini moja kwa moja, katiba kifungu cha 31 kinalinda faragha. Unaweza, ila majaji wengi watakuuliza kwanza kwa nini hukupita kwa Kamishna na sheria imemuweka kwa kazi hiyo, na utarudishwa ukiwa umeshamlipa wakili. Korti ni ya kukata rufaa kama hukuridhika, una siku 30 tangu uamuzi. Au ni ya jambo la watu wengi kwa pamoja. Wakumbuka Worldcoin 2023, ule mradi wa sarafu ya kidijitali, foleni pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, watu wanapigwa picha ya jicho ndio walipwe shilingi kama elfu saba? Serikali ilisimamisha Agosti, Bunge likaunda kamati, maneno mengi, lakini zile picha za macho zilikuwa bado ziko kwao. Katiba Institute, shirika la kutetea katiba, wakaenda Mahakama Kuu na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamuru zifutwe ndani ya siku saba, Kamishna asimamie. Mtu mmoja na fomu yake asingefika hapo.

Siasa nayo usiidharau hata kama wanasiasa wamekuchosha. Hizi kanuni za mikopo zimekuja na joto la siasa. Aprili 2020, corona imebana, Benki Kuu ikawazuia wakopeshaji wasio na usimamizi kupeleka majina ya watu CRB, yaani kule kunakowekwa rekodi za wanaolipa na wasiolipa mikopo. Desemba 2021 Rais Uhuru akatia saini sheria ya kuwaweka chini ya Benki Kuu, kanuni zikatoka Machi 2022, na kufika Septemba kampuni 288 zilikuwa zimeomba leseni na 10 tu ndio zimepewa. Katikati hapo kulikuwa na uchaguzi ambao CRB ilikuwa hadithi ya kila jukwaa, na 30 Novemba mwaka huo huo serikali yenyewe ikawa mkopeshaji wa simu na mfuko wake wa Hustler Fund. Ninachokuambia ni kwamba nakala ya malalamiko yako mpelekee na mbunge wako, na kanuni mpya zikiwekwa kwa maoni ya wananchi tuma aya moja useme kilichokupata. Mimi nadhani aya ya kwanza iwe ni ile faini. Sheria inasema kikomo ni milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, na inachukuliwa ILE NDOGO. Kampuni yenye mapato madogo italipa vijisenti na kuendelea.

Kimoja cha mwisho kuhusu wazee. Mama mkubwa ana kasimu ka batani, hakana skrinshoti, na kusoma kwenyewe anasoma Kiarabu tu. Nilidhani hawezi kulalamika. Kumbe malalamiko yanaweza kuwa ya mdomo, au mtu mwingine akayapeleka kwa niaba yake. Nlienda Ukunda Jumapili, tukaiweka ile simu juu ya meza karibu na dirisha, nikawa nafungua meseji moja moja naipiga picha kwa simu yangu, za kwanza zilitoka na mng'ao wa jua hazisomeki ikabidi tufunge pazia. Zilikuwa kumi na nne. Malalamiko yake tuliyapeleka peke yake, mbali na yangu, kwa jina lake, na hii mara nilikumbuka kuandika fidia.