Ukihamia Nairobi peke yako kikazi, uliza jina la steji yako kabla jua halijazama

Nimetoka Tanga kuja kazini Nairobi, na hili ningependa ulijue mapema. Siku ya kwanza, kabla ya giza, nenda kwenye duka lililo karibu na geti lako, umuulize mwenye duka: "Makanga wanaiitaje steji hii?" (Makanga ni makondakta wa matatu, mabasi madogo ya abiria; steji ni kituo chao.) Andika jina hilo kwenye karatasi pamoja na namba ya matatu, kwa mfano 111 ya Ngong au 46 ya Kawangware, kwa sababu simu huzimika. Jina la barabara lililo kwenye mkataba wa nyumba halitakusaidia sana: makanga hutambua steji kwa duka, kanisa au kituo cha mafuta, hata kama kilishabomolewa zamani. Mwenye duka naye atakuwa mtu wa kwanza kukujua kwa sura, jambo kubwa sana ukiwa huna ndugu mjini.

Mbinu hii hukwama jioni zenye mvua au msongamano. Gari lenye namba ileile huweza kugeuzia njiani, na nauli hupanda. Hapo uliza kabla ya kupanda: "Mnafika mpaka steji fulani? Ni ngapi?"